Kuomba Njia Mjini Krakow

Kwetu, mashariki ya Kongo, mgeni haondoki hivi hivi. Mgeni anaomba njia. Anasema, "Naomba njia," mwenyeji anakataa kwanza kwa adabu, kisha anampa hiyo njia, anainuka na kumsindikiza mpaka mahali ambapo mgeni atasema, "Basi, rudi sasa, umenifikisha." Mwenyeji asipoinuka, mgeni ana haki ya kujiuliza amekosa nini.

Hapa Brooklyn Park, Marekani, desturi hiyo bado ipo, ila magari yameifupisha. Tunasindikizana mpaka parking. Mwezi wa kwanza, theluji ikijaa, tunasindikizana mpaka mlangoni, na mwezi wa pili nimewahi kusindikizwa kwa macho, kupitia dirisha la ghorofa ya tatu. Sikukasirika. Watu walioitunza desturi hiyo vizuri kuliko sisi ni Wazungu wa Minnesota. Wanaaga mezani, wanaaga mlangoni, wanaaga tena gari likiwa limeshawashwa, na mazungumzo yenye maana huanzia hapo. Nilifanya usafi katika hoteli moja ya Bloomington, karibu na uwanja wa ndege, mpaka nikastaafu. Siku ya mwisho bosi wangu alianza kuniaga asubuhi, na jioni bado tulikuwa tumesimama kando ya gari langu.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba kilichotokea Poland hakikuwa ujuzi.

Kanisa letu linaabudu Hopkins, katika jengo la kanisa la Wazungu, mchana, wao wakishamaliza. Mwaka mmoja waliandaa kikundi cha kujitolea kwenda Krakow kuwahudumia watu waliokimbia vita ya Ukraine, wakasema wangependa mtu mmoja atoke kwetu. Wazee wa kanisa walifunga na kuomba. Mwishowe walionyeshwa mimi, kwa kuwa nilikuwa nimestaafu na nilikuwa na pasipoti.

Mke wangu alinikuta napanga sanduku.

"Papa, kweli unaenda kusaidia wakimbizi?"

"Ndiyo, mama."

"Na siye ni nini?"

"Siye tulishapata uraia."

"Aa. Basi uende, bwana raia. Dawa zako za presha ziko juu ya friji."

Kiongozi wa safari alikuwa nesi, mama wa Kikenya anayekaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Ana umri wa binti yangu, ananiita Mzee, na huniamuru kama mama yangu. Wengine walikuwa Wazungu wa Hopkins, watu wema wenye viatu vizuri vya kutembelea.

Tulipofika Krakow tulipelekwa kwenye bweni la wanafunzi wa chuo, ambalo lilikuwa limeazimwa kwa ajili ya wakimbizi mpaka wanafunzi warudi. Kazi haikuwa ngumu. Wenzangu walichambua nguo za msaada na kumenya viazi, nesi alipima watu presha, nami, kwa sababu ya mgongo, nilipewa birika kubwa la chai nizunguke nalo vyumbani. Nilimshukuru Mungu. Kambini, miaka yote ile Tanzania, mimi ndiye niliyekuwa nanyoosha kikombe.

Katika chumba cha mwisho cha ghorofa ya pili nilimkuta mzee wa Kiukraine ameketi kitandani. Nitamwita mwenzangu, maana tulikuwa rika moja. Alivaa koti la suti, shati lililofungwa mpaka kooni, na ndala za nyumbani za kitambaa. Viatu vyake vilikuwa chini ya kitanda, vimepigwa rangi na kufungwa kamba, kama vilivyokuwa dukani.

Habari zake nilizipata kwa binti yake, aliyekuwa anaongea Kiingereza na nesi, na nesi akanigeuzia kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu ni cha hotelini. Baba yake hakuwa ametoka nje ya jengo lile tangu siku walipofika. Alikuwa na hoja yake. Alisema mtu akivaa viatu ameondoka, na yeye hajaondoka. Anasubiri kurudi nyumbani, na viatu atavivaa siku hiyo. Binti naye alikuwa amepata kazi katika jiko la hospitali, katika mji mwingine ulio pwani, pamoja na nyumba ya vyumba viwili. Walitakiwa kuhamia Jumamosi. Nyumba isingeweza kuwangoja, kwa sababu familia nyingine ilikuwa imeshaiulizia, na bweni lilikuwa karibu kufungwa. Akienda peke yake, baba hana mtu wa kubaki naye. Asipoenda, wote wawili hawana pa kulala.

"Tumemletea padri," binti alisema. "Tumemletea na daktari. Wote aliwapa kiti, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akabaki pale pale."

"Basi ana adabu," nesi akasema.

"Ndiyo shida yenyewe. Mtu mwenye adabu huwezi kugombana naye."

Siku ya kwanza nilimmiminia chai, nikaketi kwenye kiti walichoketi padri na daktari. Alisema jambo kwa lugha yake. Mimi nikasema jambo kwa Kiswahili. Tukaendelea hivyo muda mzuri, na sikumbuki tulipingana mahali popote. Chai ilipokwisha nikainuka nikasema, "Naomba njia."

Aliinamisha kichwa kwa upole, akabaki kitandani.

Nikarudia. Akainamisha kichwa tena. Nikaenda mpaka mlangoni na birika langu, nikasimama. Nifanye nini? Tulikuwa hatujagombana, kwa nini niondoke kama mtu aliyefukuzwa? Akanitazama. Nami nikamtazama. Mtu aliyejifunza subira kwenye foleni ya maji kambini hashindwi kusimama mlangoni. Mwishowe akashusha miguu, akavaa ndala zake sawasawa, akanijia polepole, nadhani aone kama nimeugua. Nikampa mkono, nikamshukuru, nikaenda zangu nimeridhika.

Kesho yake nilipoomba njia sikumsubiri mlangoni. Nilimsubiri mwisho wa korido, kwa kuwa tulikuwa tumeshafahamiana, na watu wanaofahamiana hawaagani mlangoni kama wageni. Akaja. Siku iliyofuata tulikuwa tumeonyeshana picha za wajukuu, kwa hiyo ilikuwa lazima tuagane chini, mwisho wa ngazi. Baada ya picha za marehemu mke wake tuliagana uani, kwenye geti, na mvua nyepesi ilikuwa inanyesha. Hakuvua ndala hata mara moja. Viatu vilibaki chini ya kitanda.

Nesi alinivizia jikoni.

"Mzee, huyu umemfanya nini?"

"Nimemwomba njia."

"Hiyo ni mbinu gani?"

"Si mbinu. Ni adabu."

"Kaa hapo ukisema ni adabu. Hawa wenzetu wa Hopkins wanasema una mbinu. Wanataka uwafundishe tukirudi, kwa semina."

Nilimwambia nitaomba juu ya jambo hilo. Ni jibu linalofaa kwa semina nyingi.

Ijumaa ilikuwa siku yetu ya mapumziko. Kikundi kizima kilipangiwa kutembelea mji wa kale, na kesho yake, Jumamosi asubuhi, treni ya binti na baba yake ingeondoka, wawemo au wasiwemo. Binti alikuwa amefunga mizigo yote miwili. Baba aliuangalia mzigo wake, akatoa humo koti moja, akalitundika tena ukutani.

Mimi sikuweza kwenda mjini bila kuaga. Nilipanda juu, wenzangu wakiwa wameshatoka getini.

"Mzee!" nesi aliita kutoka chini. "Tutakuacha!"

"Naomba njia," nikamwambia mwenzangu.

Aliinuka mara moja, alikuwa ameshazoea. Tukashuka ngazi, tukapita uani, tukafika getini. Lakini siku ile nilikuwa naenda mbali kuliko siku zote, na safari ndefu haiagwi getini. Nikaendelea kutembea, naye akaendelea kunifuata mpaka kituo cha tramu, ile treni ndogo inayopita katikati ya barabara. Hapo nikageuka nikamwambia kama inavyopasa, "Basi, rudi sasa, umenifikisha," nikamwonyesha kwa mkono. Aliutazama mkono wangu kwa heshima, akabaki amesimama. Tramu ikafika. Nesi alinivuta ndani kwa mkono wa sweta, na mwenzangu, ambaye hakuwa ameambiwa na mtu yeyote kwa lugha yake kwamba kusindikiza kuna mwisho, akapanda nyuma yangu.

Milango ilikuwa inajifunga binti yake alipotokea mbio, na koti la baba mkononi. Dereva akamfungulia. Alisimama mbele yetu akihema.

"Anakwenda wapi?"

"Kutembea mjini," nesi akamjibu.

"Hajavaa viatu!"

"Ndiyo. Kwa hiyo bado yuko nyumbani. Msaidie avae koti, dada, hapa ndani kuna baridi."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba mwenzangu aliona mji wa Krakow akiwa amevaa ndala.

Ni mji mzuri. Nyumba zake ni za kale sana na hakuna aliyezibomoa, jambo ambalo kwa mtu wa kwetu linataka kutazamwa mara mbili. Barabara zimetandikwa mawe ya mviringo ambayo viatu vya wenzangu wa Hopkins viliteleza juu yake, lakini ndala za kitambaa zilishika vizuri. Kuna farasi wanaovuta magari ya watalii, wamevishwa manyoya na shanga; mashemasi wetu hawavai hivyo hata Pasaka. Chini ya ngome ya wafalme kuna sanamu ya joka linalotema moto wa kweli. Watu walisimama na simu zao kulisubiri. Likatema. Watu wakasema "aah", wakasimama kulisubiri tena. Mwenzangu alilisogelea akalikagua bomba la gesi.

Katika uwanja mkubwa wa mji kuna kanisa lenye minara miwili isiyolingana, na kanisa hilo lina milango miwili. Mmoja ni wa watalii, na hapo mtu anakata tiketi. Mwingine ni wa watu waliokuja kusali, na huo ni bure. Kikundi kilisimama mbele ya milango hiyo kikajadiliana. Sisi ni akina nani? Tulikuwa tumekuja kutazama, hilo hatukuweza kulikana, lakini mimi sijawahi kuingia nyumba ya Mungu nikashindwa kusali. Wenzangu wakaenda kwenye tiketi. Mimi nikaingia mlango wa sala, na mwenzangu nyuma yangu. Mlinzi alizitazama ndala, akaitazama ngozi yangu, akatutazama nyuso zetu, akatupisha.

Mimi ni Mprotestanti, nimesomea mambo ya Mungu kambini chini ya turubai, na kanisa lile lina dhahabu kuliko nilivyofundishwa kuwa ni lazima. Lakini nilipiga magoti. Mwenzangu alisimama, akajichora msalaba kwa namna ya kwao, kutoka kulia kwenda kushoto. Upande wa pili wa kamba nesi alikuwa anatuonyesha saa yake.

Tulipotoka uwanjani, tarumbeta ikalia juu ya mnara mrefu. Wimbo mzuri, wa taratibu. Ukafika mahali fulani, ukakatika ghafla, katikati ya sauti. Watalii wakapiga makofi, mkono wa mpigaji ukatupungia kutoka dirishani, basi.

"Mbona hamalizi?" nikauliza.

Binti akaeleza, na nesi akanigeuzia: inasemekana zamani za kale maadui walikuja, mlinzi wa mnara akapiga tarumbeta kuwaamsha watu, na mshale ukampata kooni kabla hajamaliza. Tangu hapo wimbo hukatwa pale pale, kila saa.

"Lakini huyu wa leo hakuna aliyempiga mshale."

"Mzee, ni kumbukumbu."

"Nimeelewa. Labda saa ijayo atamaliza."

"Hawezi kumaliza!"

Mwenzangu naye alikuwa anamwuliza binti yake jambo, akinyoosha kidole juu, na uso wa binti ulikuwa kama uso wa nesi. Hatukuhitaji mkalimani. Tulikwenda sote wawili kwenye benchi, tukaketi kusubiri saa ijayo. Wenzetu wa Hopkins walisimama kidogo, wakatuaga mara kadhaa, wakaenda kwenye majumba ya makumbusho. Nesi alinunua mikate yao ile ya mviringo yenye tundu katikati, akatugawia.

Hapo ndipo binti aliponisemesha. Alikuwa hali mkate wake.

"Mwambie aende," alisema, na nesi akanigeuzia. "Treni ni kesho asubuhi. Wewe anakusikiliza."

"Haelewi hata neno langu moja."

"Ndiyo maana anakusikiliza," nesi akasema. "Jaribu, Mzee. Mimi nitatafsiri, na yeye atatafsiri."

Sikuwa na hotuba. Nilimwambia lililokuwepo. Maneno yangu yalisafiri kwa Kiswahili mpaka kwa nesi, kwa Kiingereza mpaka kwa binti, na sijui yalifika kwa baba yakiwa na afya gani.

Nilimwambia kwamba kambini tulikuwa na jirani aliyekataa kujenga. Kila mtu alifyatua tofali za udongo, yeye akabaki chini ya turubai, maana tulikuwa tunarudi nyumbani mvua zikiisha. Mvua ziliisha mara nyingi. Mke wake alikuwa anapika jikoni kwetu. Tulipomsihi, alisema aliyejenga amekubali kubaki.

Mwenzangu alisikiliza mpaka maneno ya mwisho yalipomfikia. Kisha akauliza, na swali likarudi kwa njia ile ile.

"Anauliza, alirudi kwao?"

"Alirudi. Miaka mingi baadaye."

"Na wale waliojenga?"

"Baadhi yao walirudi siku ile ile. Lori lilikuwa moja."

Binti alilitafsiri hilo polepole. Baba yake alitafuna mkate.

"Anauliza, na wewe? Utarudi kwenu?"

"Namwomba Mungu kila jioni. Katika kusubiri nimebadilisha zulia la sebuleni."

"Anauliza, zulia la rangi gani?"

"Kahawia. Mke wangu alitaka la kijani."

Alitikisa kichwa kwa namna ambayo nilielewa kuwa yuko upande wa mke wangu. Nilikuwa nimemaliza nilichokuwa nacho, na niliogopa kuongeza, kwa sababu nimesikia mahubiri mengi yaliyoharibika kwa kuongezwa. Nilimwombea yule binti kimya kimya. Mikono yake ilikuwa inaukata mkate vipande vidogo vidogo, na njiwa walikuwa wamemzunguka.

Saa ikatimia. Tarumbeta ikaanza, na sisi wawili tukainua vichwa. Ikafika mahali pale pale, ikakatika.

Mwenzangu alisubiri mpaka dirisha la juu likafungwa. Akajipangusa makombo, akasema maneno machache bila kumtazama mtu. Binti akaacha mkate uanguke. Njiwa wakamiminika miguuni pake, na hakuwaona.

"Amesema nini?" nesi akauliza. "Dada, amesema nini?"

"Amesema atakwenda kuiangalia nyumba. Kuiangalia tu. Halafu atarudi."

"Atarudi wapi, na bweni linafungwa?"

"Usimwulize," binti akasema haraka. "Tafadhali, usimwulize chochote."

Hatukumwuliza. Nilisema tu "Asante Yesu", kwa sauti ndogo. Tulirudi kwa tramu, na njia nzima aliongea na binti yake juu ya bomba la gesi la lile joka, ambalo aliliona limeungwa vibaya.

Jumamosi tulimsindikiza stesheni mimi na nesi. Kwetu mwenyeji hubeba mzigo wa anayeondoka, kwa hiyo niliushika wake, yeye akauvuta, nikauvuta. Tulifika jukwaani kila mmoja ameshika mpini wake. Alikuwa katika ndala, na viatu vilikuwa ndani ya mfuko, kwa kuwa alikuwa anakwenda kuangalia tu. Nesi alilia kidogo, akasema ni vumbi. Treni ilipoondoka tulirudi bwenini, nikachukua birika langu. Chumba cha mwisho kilikuwa kitupu, na lile koti lilikuwa limetundikwa tena ukutani. Tulilituma kwa posta.

Semina ya Hopkins ilifanyika. Nilieleza kwamba mgeni husema "naomba njia" kisha husimama. Waliandika. Mmoja aliuliza asimame muda gani, nikasema mpaka mwenyeji ainuke, na hilo nalo wakaliandika.

Majira ya kuchipua, baada ya ibada, nesi alinisimamisha parking. Alikuwa amepata ujumbe kutoka kwa binti. Kazi inaendelea vizuri, jiko la hospitali lina joto, na baba bado anaiangalia nyumba. Aliona mlango wa bafu hauingii sawasawa kwenye fremu yake. Akaazima randa kwa jirani, akaung'oa, akaupunguza, akaurudisha. Jirani alipokuja kuchukua randa yake akauona, na sasa watu wa jengo zima wanamletea milango yao.

"Amesema anarudi lini?" nikauliza.

Nesi alisogeza simu mbali kidogo na macho, asome vizuri.

"Amesema akimaliza milango."

"Jengo lenyewe lina ghorofa ngapi?"

"Kumi na moja, Mzee."